Kuvuna au Kuchimba? Mashimo ya Mchanga na Uthabiti wa Kingo Penye Maji ya Umma Machakos

Katika Kiswahili, kitenzi ‘kuvuna’ hakitengani na shamba. Anayevuna amelima, amepanda, amepalilia na kungoja. Naye akishavuna, ardhi hubaki palepale ikisubiri msimu mwingine. Katika kaunti ya Machakos, na Ukambani kwa jumla, kitenzi hiki kimepewa kazi ambayo hakikuzaliwa nayo. Malori yanaposhuka kwenye mito iliyokauka na vijana wenye mabeleshi kuyajaza mchanga wa kujengea Nairobi na vitongoji vyake, shughuli hiyo huitwa ‘uvunaji wa mchanga’. Redio huiita hivyo, wazungumzaji barazani huiita hivyo, na nyaraka za serikali nazo huiita hivyo. Ajabu ni kwamba katika mito hiyohiyo kuna uvunaji wa pili, uvunaji wa maji ya mvua, ambao kwa kiasi kikubwa hutegemea mchanga uleule kubaki mtoni. Wavunaji wawili wameingia shamba moja, na mavuno ya mmoja ni hasara ya mwenzake.

Makala haya yananuia kueleza kwa nini ukingo wa shimo husimama leo na kuanguka kesho, kwa nini jambo hilo linahusu maji ya umma kwa namna ya pekee Machakos, na jinsi jina linalopewa kazi linavyoweza kuamua maswali yatakayoulizwa kuihusu. Huenda msomaji akashangaa kukuta mada ya mashimo katika jarida la Kiswahili. Hata hivyo, Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaifanya lugha hii kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kulizungumzia shimo linalochimbwa kando ya kisima haijakamilisha urasmi wake.

Mto ulio tangi

Machakos ni nchi ya vilima na mito ya msimu. Miamba ya kale iliyo katika vilima kama Iveti na Mua huchakaa polepole, na chembe zake ngumu huteremshwa na mvua hadi mabondeni, zikawa mchanga wa aina inayopendwa mno na wajenzi. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba. Mito mingi hufurika kwa saa au siku chache kisha hukauka. Mgeni anayeutazama mto wa namna hiyo mwezi wa Agosti huona ukanda mkavu unaopindapinda kati ya kingo mbili. Mwenyeji huona maji, maana anajua yalipo: chini ya mchanga.

Juu ya ujuzi huo ndipo lilipojengwa wazo la bwawa la mchanga. Ukuta wa saruji na mawe hujengwa kuukinga mto, msingi wake ukiwa juu ya mwamba. Mafuriko yanapokuja, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, na matope mepesi hupita juu yake yakaenda zake. Baada ya msimu mmoja au kadhaa, nafasi yote nyuma ya ukuta huwa imejaa mchanga, na baina ya chembe za mchanga mna matundu madogo yaliyojaa maji. Robo hadi theluthi moja ya ujazo huo yaweza kuwa maji ya kuteka. Jua haliyafikii kwa urahisi. Yakishakuwa kina cha sentimita 60 hivi chini ya uso wa mchanga, kiasi kinachopotea kwa mvuke huwa kidogo mno. Mbu hawapati pa kutagia, na mchanga wenyewe huwa chujio. Kikundi cha kujisaidia cha Utooni, kilichoanza mwaka 1978 chini ya uongozi wa marehemu Joshua Mukusya, kilichangia pakubwa kuyaeneza mabwawa haya, hata Ukambani ukajulikana nje ya Kenya kwa sababu yake.

Hapa yafaa kupiga hesabu kidogo. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu huwa na uzito wa takriban tani 1.6. Lori likibeba tani 10, limeondoa mtoni mita 6 za ujazo na ushei. Kila unapojaa maji, mchanga huo ungeweza kuhifadhi kati ya lita 1,500 na lita 2,000, yaani mitungi 75 hadi 100 ya lita 20, ile inayobebwa na punda asubuhi na jioni katika vijiji vya Machakos. Tangi hilo lingejazwa upya kila msimu wa mvua, bila bili na bila fundi, mradi mchanga uwepo. Kinachopakiwa kwenye lori basi ni kipande cha tangi la umma.

Si mabwawa ya mchanga pekee yaliyo katika hesabu hii. Kando ya mito kuna visima vifupi vyenye pampu za mkono. Kuna malambo, au silanga kama wengi wanavyoyaita, likiwemo lambo la Maruba linaloutumikia mji wa Machakos. Kuna bomba la Nol Turesh linaloleta maji kutoka upande wa Kilimanjaro, na kuna mfereji wa Yatta uliochimbwa kwa jasho la mahabusu wa enzi ya Mau Mau katika miaka ya 1950. Kwa watu 1,421,932 waliohesabiwa katika kaunti hii mwaka 2019, miundo hii ndiyo tofauti kati ya kuteka na kutembea kilomita nyingi. Nayo yote, iwe ukuta, lambo, kisima, bomba au mfereji, husimama juu ya ardhi au ndani yake. Ardhi ikihama, nayo huhama.

Ukingo husimama kwa nguvu ya kuazima

Mchanga mkavu ukimwagwa chini hujipanga kuwa kichuguu ambacho ubavu wake haupiti nyuzi 30 hadi 35 kutoka usawa wa ardhi. Ukiongezwa, kichuguu hupanuka na kurefuka, lakini ubavu wake hauwi mkali zaidi. Chembe zimeshikiliwa na msuguano peke yake, na msuguano una kikomo. Mchanga huohuo ukilowanishwa kidogo hubadilika tabia. Kila mtoto aliyecheza ufuoni Lamu au Bamburi anajua kwamba mchanga wenye unyevu waweza kusimamishwa wima, ukajengwa vyumba na minara. Matone madogo ya maji yaliyo baina ya chembe huzivuta zikashikana.

Nguvu hiyo, hata hivyo, ni ya kuazima. Jua likiukausha mchanga, inatoweka. Mvua ikiuloweka hadi matundu yote yakajaa, inatoweka vilevile. Tena safari hii maji huzisukuma chembe zitengane huku yakiongeza uzito wa mzigo mzima. Hivyo ukuta uleule wa shimo huweza kuuawa na kiangazi na masika, na kuwa salama kwa muda mfupi tu katikati.

Katika maelezo hayo mafupi mna siri ya misiba mingi. Kijana anayeingia shimoni alfajiri hukuta ukuta wenye unyevu, umesimama kama ukuta wa nyumba. Jana ulisimama hivyo, na juzi pia. Anachimba mguuni pake, kwa kuwa mchanga wa chini ndio safi na ndio ulio karibu, na kidogo kidogo hutokea kipango. Kufikia saa sita mchana uso wa ukuta umekauka. Huko juu, lori lililokwisha kupakiwa limeegeshwa hatua chache kutoka ukingoni, nalo linaongeza uzito wake juu ya kipango. Hakuna mlio wa kutahadharisha. Mita moja tu ya ujazo ikimwangukia mtu ni tani 1.6, na aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupanua mbavu zake ili kuvuta pumzi, hata kama kichwa chake kiko nje. Vyombo vya habari nchini vimetangaza mara nyingi vifo vya namna hii Machakos na katika kaunti jirani, na aghalabu habari hizo huchukua sentensi tatu au nne kabla ya taarifa za michezo.

Iko dalili moja inayoweza kuonwa na asiye mhandisi. Kabla ya ukingo kuanguka, mara nyingi ufa hujitokeza juu yake, sambamba na ukingo wenyewe, nyuma kidogo ya mdomo wa shimo. Ufa huo ndio mpaka wa kipande kitakachoondoka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo husomeshwa kila shule. Ufa wa shimo la mchanga hauitii methali. Kuuziba kwa udongo ni kuuficha, na maji ya mvua yataendelea kuingia humo na kusukuma. Dawa yake ni watu kutoka shimoni, mzigo kuondolewa juu, na ukuta kulazwa kwa kukatwa kutoka juu kwenda chini.

Kwa hesabu ya pembe, swali la umbali nalo hupata jibu. Ikiwa mchanga uliolegea hutulia kwa nyuzi 30, shimo la kina cha mita 1 lenye ukuta wima laweza kula mita 1.7 hivi za ardhi iliyo nyuma ya mdomo wake kabla ya kutulia. Shimo la mita 10 laweza kula mita 17. Umbali wa salama basi haupaswi kutajwa peke yake kana kwamba ni ukubwa wa kiwanja. Hufuatana na kina. Mtu anayeambiwa kwamba shimo liko mita 15 kutoka kwenye kisima ana haki ya kuuliza swali la pili: litachimbwa hadi kina gani?

Shimo na kisima

Mchimbaji hufikiria shimo lake kuwa mahali. Mto haulifikirii hivyo. Shimo likichimbwa katikati ya mto, mafuriko yajayo huteremka kwa kasi kwenye mdomo wake wa juu na kuung’oa, kisha mdomo mpya, kisha mwingine. Kwa njia hii shimo husafiri kuelekea kule maji yanakotoka, mita kwa mita, hadi likutane na kitu kigumu. Kitu hicho aghalabu ni nguzo ya daraja au mguu wa ukuta wa bwawa. Aliyechimba anaweza kuwa alikuwa mbali na bwawa kwa umbali wa kuridhisha macho, na bado shimo lake likalifikia.

Ukuta wa bwawa la mchanga una adui mwingine, naye ni ukingo wa mto kwenye mabega yake. Wajenzi huupitisha ukuta ndani ya kingo zote mbili ili maji yasiuzunguke. Ukingo ukichimbwa ili kupata mchanga wa shambani, au ukibomolewa ili lori lipate njia ya kushukia, mafuriko hupata uchochoro. Mto huuacha ukuta ukiwa mzima na kupita kando yake. Hii ni miongoni mwa njia za kawaida kabisa ambazo mabwawa haya hufa: zege haina hata ufa, lakini mto umehamia upande wa pili wa bega, ukiwa umeubeba mchanga wote na maji yake. Uthabiti wa mteremko hapa ni jambo la mita chache za udongo, na mita hizo hazina mlinzi.

Halafu kuna maji yenyewe. Shimo lililo refu kuliko usawa wa maji ya chini huyavuta kutoka pande zote. Kisima kilicho jirani hupungua, na maji yaliyofunuliwa huachwa juani yakavukizwa, yakanywewa na mifugo na kuchafuliwa na mafuta ya malori.

Upande wa magharibi wa kaunti, huko Mavoko, maeneo ya Mlolongo, Katani na Lukenya yana matimbo ya mawe ya kujengea na kokoto. Kanuni za mwamba ni tofauti na za mchanga. Mwamba waweza kusimama wima kwa miaka mingi, na ugumu wa jiwe moja moja hausemi mengi kuhusu ukuta mzima. Linaloamua ni mwelekeo wa nyufa zilizomo. Nyufa zikilala kuelekea ndani ya kilima, ukuta hutulia. Zikilala kuelekea shimoni, tabaka huweza kuserereka juu yake kama vitabu kwenye rafu iliyoinamishwa, hasa maji yakiingia humo au baruti ikitikisa. Matimbo yaliyoachwa hujaa maji ya mvua na kugeuka vidimbwi virefu visivyo na uzio, vyenye kingo ambazo hazikulazwa. Watoto wamezama katika vidimbwi vya aina hiyo katika sehemu mbalimbali za Kenya.

Uhusiano wa maji na mteremko hauko Machakos peke yake. Tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan, nchi ya Wales, kilima cha kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe kilichokuwa kimerundikwa juu ya chemchemi kilijaa maji, kikaporomoka na kuifunika shule ya msingi. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Wakazi walikuwa wamelalamika kuhusu kilima hicho kabla ya siku ile. Karibu zaidi na nyumbani, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, ukingo wa udongo wa bwawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, ulivunjika baada ya mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 40. Solai haikuwa machimbo, na Aberfan haikuwa bwawa. Katika yote mawili, mteremko uliotengenezwa na binadamu ulikutana na maji ambayo hayakupewa njia ya kutokea.

Jina na sheria

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya Kenya ilipotungwa mwaka 1999, jedwali lake la pili liliorodhesha miradi inayopaswa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Katika orodha hiyo mlikuwa na uchimbaji wa madini, pamoja na utoaji wa mali kwa shimo la wazi. Na miongoni mwa vitu vilivyotajwa chini ya kichwa hicho, bega kwa bega na vito na makaa ya mawe, vilikuwamo kokoto, mchanga na changarawe. Kwa mtungaji wa sheria ile, kutoa mchanga kulikuwa kuchimba.

Miaka minane baadaye, mwaka 2007, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa mwongozo wa kitaifa kuhusu mchanga. Mwongozo huo uliandikwa kwa Kiingereza na neno lililotumika humo ni lile la shambani: kuvuna. Maudhui yake, ikumbukwe, si mepesi. Mchanga wa mashambani uchimbwe kwa shimo la wazi wala si kwa mapango. Kina kisipite futi 6. Shimo liwe angalau mita 50 kutoka ukingo wa mto. Na mchanga usitolewe ndani ya mita 100 kutoka miundo kama madaraja, barabara na reli. Msomaji aliyefuata hesabu ya pembe ataona mara moja kwamba futi 6 hazikutolewa hewani. Ni kina cha mita 1.8, ambacho hata ukuta wake ukianguka wote hula mita 3 tu za ardhi, na mtu mzima aliyesimama humo anakaribia kuona nje. Katazo la mapango nalo limelenga kile kipango cha saa sita mchana.

Basi kama masharti ni mazuri, jina lina ubaya gani? Kuna wanaoweza kusema kwamba jina halimwui mtu, na kwamba ‘kuvuna’ si uongo mtupu, kwa kuwa mafuriko hurudisha mchanga mtoni. Hoja hii ina ukweli wake. Mto hurudisha mchanga kweli, lakini kwa kiasi chake na kwa msimu wake, na mahitaji ya jiji la Nairobi hayangoji msimu. Ukingo wa shamba ukishaanguka haurudi kabisa. Hakuna mvua inayopanda ukingo. Isitoshe, neno hufungua mlango wa maswali fulani na kufunga mwingine. Anayesikia ‘mavuno’ huuliza ni nani mwenye shamba, bei ya lori ni ngapi, na ushuru unakwenda wapi. Hayo ndiyo maswali yanayotawala mijadala ya mchanga Ukambani, na ni maswali ya haki kwa vijana wasio na kazi nyingine. Anayesikia ‘mgodi’ huuliza pembe ya ukuta, kina, umbali kutoka kwenye maji, nani amekagua, na nani atafukia shimo kazi ikiisha. Kwa maoni ya makala haya, seti hii ya pili ndiyo inayokosekana, na kukosekana kwake kunatokana kwa sehemu na kitenzi.

Bunge la kaunti ya Makueni lilipopitisha sheria yake mwaka 2015, liliweka mbele uhifadhi wa mchanga kabla ya matumizi yake, na likaweka masharti makali dhidi ya kuusafirisha nje ya kaunti. Mpangilio huo wa maneno, uhifadhi kwanza, ulikuwa uamuzi wa kisiasa na wa kilugha kwa pamoja. Katiba inazipa kaunti kazi ya kutekeleza sera za uhifadhi wa udongo na maji, pamoja na huduma za maji, kwa hiyo kila kaunti ina nafasi ya kuchagua maneno yake.

Vitenzi ambavyo tayari tunavyo

Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi, katika utafiti kamili wa tathmini, kuandaa angalau mikutano mitatu na watakaoathiriwa, na tangazo litolewe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Ripoti yenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Pengo kati ya ripoti na mkutano huzibwa na mkalimani, mara nyingi mtu yeyote aliye karibu, ambaye hukutana na istilahi za miteremko kwa mara ya kwanza akiwa amesimama mbele ya watu. Matokeo yake hujulikana: kila kitu huwa ‘maporomoko ya ardhi’.

Lakini Kiswahili hakikosi maneno. Wataalamu hutofautisha namna ambavyo mteremko hushindwa, na karibu kila namna ina kitenzi chake katika lugha ya kila siku. Kipande kinachotengana na ukuta na kuanguka ‘humeguka’. Tabaka linalohama likiwa moja, juu ya uso uliolala, ‘huserereka’. Udongo uliojaa maji hadi ukawa kama uji ‘hutiririka’. Nguzo ya mwamba inayoinama mbele na kuanguka ‘hupinduka’. Ardhi inayoshuka wima kwa kuwa chini yake pana uwazi ‘hutitia’. Unyambulishaji wa kawaida unatosha kuleta mmeguko, mserereko, mtiririko, mpinduko na mtitio, bila kuazima lolote. Faida yake haiishii kamusini. Kila neno lina tahadhari yake: penye mmeguko mtu hakai chini ya ukuta; penye mserereko hutazamwa mwelekeo wa nyufa; penye mtiririko hutafutwa njia ya maji; penye mtitio lori haliegeshwi juu.

Hata neno kuu linahitaji uangalifu. Baadhi ya wafasiri husema ‘uimara wa mteremko’. Imara ni sifa ya kitu kigumu, nacho kitu kigumu chaweza kabisa kuondoka mahali pake, kama tulivyoona kuhusu mwamba wenye nyufa. Thabiti ni kile kisichohama. ‘Uthabiti wa mteremko’ linasema kinachokusudiwa.

Tena Machakos imewahi kuufundisha ulimwengu maneno ya Kiswahili ya mteremko. Katika miaka ya 1930 vilima vyake vilikuwa vimemomonyoka vibaya, na jitihada za serikali ya kikoloni za kupunguza mifugo kwa nguvu zilizua maandamano ya Wakamba ya mwaka 1938 yaliyoongozwa na Muindi Mbingu. Baadaye wakulima wenyewe walitandaza matuta milimani. Walichimba mtaro kufuata usawa wa mlima na kurusha udongo upande wa juu, hadi matuta yakajilaza kuwa ngazi. Mtindo huo ukaitwa ‘fanya juu’, na hivyo ndivyo unavyoitwa mpaka leo katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza, bila kutafsiriwa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1994, walionyesha kwamba idadi ya watu Machakos iliongezeka zaidi ya mara 5 tangu miaka ya 1930 huku mmomonyoko ukipungua. Mteremko wa shamba ulipata jina, mbinu na mwenyewe. Ukingo wa mto, ambao hauna mwenyewe, ulibaki nyuma.

Kumbe mbinu hiyohiyo ya ngazi ipo mtoni pia, kwa wanaoteka maji. Kiangazi kinapozidi, usawa wa maji chini ya mchanga hushuka, na shimo la kutekea sharti lifuatwe chini. Wanawake wanaolichimba hulipanua mdomo kwanza, kisha hukata vidato vipana ili mtu mmoja asimame juu, mwingine katikati na mwingine majini, wakipokezana vibuyu na makopo. Hawauachi ukuta usimame wima kutoka mdomoni hadi majini. Mhandisi wa mgodi wa wazi anapolaza ukuta wake kwa vidato hufanya jambo lilelile kwa vipimo vikubwa zaidi. Mchanga unapopungua mtoni kwa sababu ya malori, shimo la kutekea hulazimika kuchimbwa nje ya mkondo, kwenye udongo wa ukingoni, likawa refu zaidi na nafasi ya vidato ikawa finyu. Hapo anayeteka maji huingia katika hatari ileile ya anayepakia mchanga, pengine hatua 20 tu kutoka kwake.